Lebo, kopi za bure ao kuuzia watu wako mwenyewe? Hesabu kwa mwanamuziki wa Lubumbashi

Hili swali linarudi kila mara kwenye simu yangu, kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanamuziki, hata nje ya studio kule Katuba: "Mukubwa, kuna mtu anataka kunisaini, nifanye nini?" Mwingine anakuja na shida ya kinyume, wimbo wake unalia mu kila taksi-bisi inayotoka komuni ya Kenya, hapa Lubumbashi, kwenda mjini lakini yeye mwenyewe hana hata feza ya kununua mega za intaneti apostie klipi yake. Basi leo naziweka hizi njia tatu pamoja, kusaini lebo, kuacha kopi zizunguke bure, na kuuza mwenyewe moja kwa moja kwa mashabiki, tuangalie kila moja inafanya nini hapa kwetu Lubumbashi, halafu nitasema wazi mimi naegemea wapi.

Kwa kila njia naangalia vitu viwili tu kwanza, juu mengine yote yanatoka hapo. Nani anabaki na masta, yaani ile rekodi yenyewe iliyotoka studio ikiwa tayari. Na nani anabaki na namba za simu za watu wanaokupenda. Avansi, ile feza lebo inayokutangulizia, inaisha, klipi inazeeka, redio inakusahau, ila mwenye masta na mwenye namba za watu anaweza kuanza tena hata kesho asubuhi.

Lebo

Tuipe lebo heshima yake, kuna watu wanaiponda bila kuielewa. Lebo njo mtu ao kampuni inayotanguliza feza yake juu yako kabla hujaingiza kitu: studio, klipi, mavazi, redio, tiketi ya Kinshasa. Wanamuziki wengi hapa hawawezi kutoa feza ya klipi ya maana mufukoni, hiyo ni kweli, na lebo nzuri iko na watu wanaojua kazi, anayejua kupanga shoo, anayejua kuongea na mapromota wa nje. Shida ni kwamba wengi wanaojiita lebo hapa kwetu ni bosi mwenye feza ya madini ao ya biashara ya mpakani Kasumbalesa aliyependa sauti yako. Si vibaya apende. Lakini karatasi anayokuletea mara nyingi imenakiliwa intaneti kutoka kontra, yaani mkataba, ya kampuni kubwa, inachukua yote ambayo kampuni kubwa inachukua, na yeye hana hata robo ya uwezo wa kukufanyia yale kampuni kubwa inafanya.

Angalia hesabu moja, polepole. Tuseme lebo inakupa avansi ya dola 5 000. Kontra inasema fungu lako ni asilimia 20 ya mapato, na avansi italipwa kutoka fungu lako. Wengi wanapita pale haraka wakidhani nyimbo zikiingiza dola 5 000 deni limekwisha. Hapana! Zikiingiza 5 000, asilimia 20 yako ni dola 1 000, kwa hiyo bado unadaiwa 4 000. Ili deni liishe nyimbo lazima ziingize dola 25 000, na siku hiyo lebo ikitoa zile 5 000 ilizokutangulizia inabaki na 20 000 wakati wewe hujaona franka moja mpya tangu ile siku ya kusaini. Na masta bado ni yake. Hakuna aliyevunja sheria hapo, njo namna kontra ya kawaida ya lebo inavyojengwa karibu duniani kote, ndiyo maana nasema usome kile kipengele cha avansi mara tatu, na mtu anayejua Kifaransa cha sheria akae pembeni yako.

Halafu masta. Taylor Swift, na ukubwa wake wote, mwaka 2019 rekodi zake za albamu sita za kwanza ziliuzwa pamoja na lebo yake ya zamani kwa mtu ambaye yeye hakumtaka. Akaanza kurekodi upya nyimbo zake mwenyewe, zikaanza kutoka 2021, na masta zenyewe alifaulu kuzinunua 2025. Karibu kwetu zaidi, Harmonize alipotoka WCB, lebo ya Diamond Platnumz, 2019 alisema mwenyewe hadharani kwamba kutoka kwake kulimgharimu shilingi za Tanzania milioni 500. Hawa ni watu wenye mawakili. Wewe wa Ruashi uliyesaini kwenye meza ya baa utatokea mlango gani?

Na sisi watu wa Katanga tulipaswa kuelewa hii habari mbele ya wengine. Jean-Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke, alirekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, 1952 kule Jadotville, leo Likasi, na sahani zikatolewa na lebo ya Gallo ya Afrika Kusini. Gitaa yake ya vidole viwili ilibadilisha upigaji mpaka Nairobi, na hadi leo kuna wazungu wanakaa chini kuisomea noti kwa noti. Lakini ukitaka kusikia zile rekodi za Tracey kwenye hifadhi yake, unatoka Katanga unaenda Afrika Kusini. Kule Léopoldville, leo Kinshasa, nako lebo kama Ngoma na Loningisa zilikuwa za wafanyabiashara Wagiriki, mpaka 1960 Joseph Kabasele, Grand Kallé, alipofungua lebo yake mwenyewe, Surboum African Jazz, na nadhani hakuna kijana wa muziki hapa anayepaswa kusaini karatasi kabla hajaijua hiyo habari, juu inaonyesha mwanamuziki wa Kongo alijua kushika kazi yake tangu mwaka wa uhuru.

Kama unaipenda lebo na lebo inakupenda, kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaiombi: usiuze masta, ikodishe. Leseni ya miaka mitatu ao mitano, kwa nyimbo zilizotajwa majina moja moja, halafu rekodi inarudi kwako. Bosi wa kweli atakubali kuzungumza. Anayekasirika ukitaja tu neno leseni, amekujibu tayari.

Kopi za bure

Hii kusema ukweli huichagui, inakukuta. Nenda soko la Kenya ao Mzee, utamwona kijana na kompyuta juu ya meza chini ya parasoli, betri ya gari pembeni juu kuran, yaani umeme, inaweza kukatika saa yoyote, na nyimbo zimepangwa mu mafolda: Gospel, Rumba, Bongo, Zambia, Slow za ndoa. Mteja anatoa kadi ya simu, anasema nitilie za Bongo na gospel mpya, franka chache, kadi imejaa nyimbo za kusikia mpaka mwezi uishe. Mwenye wimbo hapati kitu.

Sheria iko. Ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 njo inalinda haki za watunzi mu nchi yetu, na SOCODA, shirika la haki za watunzi la Kongo, iko tangu 2011 kwa kukusanya haki hizo, na mimi nasema jiandikishe na utangaze nyimbo zako pale, juu siku tangazo la biashara ao televisheni inatumia wimbo wako utahitaji karatasi ya kuonyesha. Lakini polisi kupita meza kwa meza kutafuta mp3 yako, usingoje.

Hata wale wenye nguvu zote walijaribu. Napster, programu ya kupeana nyimbo bure kwenye intaneti, ilianza 1999, malebo makubwa yakaishtaki mwaka ule ule, 2001 ikafungwa, na palepale nyingine zikaota. Wakageukia wasikilizaji wenyewe, mama mmoja wa Minnesota akahukumiwa kulipa dola 222 000 kwa nyimbo 24. Mapato ya muziki wa kurekodi duniani yaliendelea kushuka zaidi ya miaka kumi, na yalipoanza kupanda tena kuanzia 2015 ni strimingi, kusikiliza kwenye intaneti bila kununua faili, iliyoyapandisha: watu walipewa njia rahisi na ya bei ndogo kuliko kuiba. Sasa hapa kwetu geuza hiyo hesabu. Mega za kustrimi albamu nzima zinaweza kupita bei ya yule kijana wa meza kujaza kadi yote. Kwa mtu wa kawaida wa Kampemba meza ile njo duka pekee la muziki analolijua, na mimi siwezi kumwita mwizi mama anayetaka kusikia wimbo wa kanisa akipika.

Kwa hiyo ukilinganisha na lebo, kopi inakupa kitu kimoja ambacho lebo inalipia kwa shida: masikio mengi, haraka, mpaka Kolwezi na ng'ambo ya mpaka Zambia. Masta inabaki kwako kisheria. Namba za watu, sifuri, isipokuwa ufanye kazi kidogo. Na hiyo kazi ni rahisi, sielewi kwa nini watu hawaifanyi. Mbele hujatuma faili yoyote, andika namba yako ya WhatsApp ndani ya jina la wimbo, weka namba hiyo kwenye picha ya kava inayotokea simu ikicheza, na mwisho wa wimbo sema kwa sauti yako sekunde tano: mimi ni fulani, nipo Lubumbashi, niandikie namba hii. Halafu mpelekee kijana wa meza wewe mwenyewe faili nzuri, yenye sauti safi. Atatumia yako ataacha ile mbovu iliyorekodiwa redioni. Kila kadi anayojaza inatembea na namba yako.

Kuna pahali kopi inaua kabisa, tusijidanganye. Inaua uzinduzi. Mwimbaji mmoja wa kanisa ninayemfahamu alikuta albamu yake iko sokoni mbele ya siku ya kuizindua, na waliokuja kanisani walikuwa nayo tayari kwenye simu, wakapiga makofi wakarudi nyumbani. Faili ilitokea studio, kama mara nyingi. Kwa hiyo mpaka siku ya kutoa, nyimbo zikae kwenye flashi moja, flashi ikae na wewe, na studio ikupe ahadi ya kuandikwa kwamba haina kopi nyingine. Mtu wako wa karibu anayeomba "nisikie tu kidogo" aje asikilizie kwako.

Kuuzia watu wako mwenyewe

Hapa njo naegemea, na nitaeleza pia ubaya wake. Chukua dola 600 tuone zinatoka wapi kwa kila njia. Ukiuza nyimbo tano kwa dola 2 kwa watu 300 wanaokujua, wakalipa kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, ni dola 600, unatoa makato ya kabini, pale unapotolea feza ya simu, tu. Kwenye lebo ya asilimia 20, ili upate dola 600 hizo nyimbo lazima ziingize 3 000, na hiyo ni baada ya kumaliza deni la avansi. Kwenye strimingi hakuna bei moja, lakini malipo yanazunguka karibu na theluthi ya senti kwa msikilizo, kwa hiyo unaongea habari ya misikilizo kama 200 000. Na Spotify tangu 2024 wimbo usiofikisha misikilizo 1 000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Watu 300 unaweza kuwapata! Harusi mbili na kwaya moja, watu 300 hao umeshawaona kwa macho.

Sisemi usiweke nyimbo kwenye programu za strimingi kama Boomplay, Audiomack na kwingine. Weka, Boomplay inakuja tayari mu simu nyingi za Tecno na itel, watu wetu njo wanazishika. Ila ichukue kama pahali pa kujulikana, usipangie kodi ya nyumba na ile feza.

Kuuza faili peke yake lakini kuna kikomo, juu mp3 uliyomtumia mtu mmoja kesho iko mu grupu ya watu mia mbili. Kwa hiyo unauza kile ambacho hakinakiliki. Na hapa Wakongo hatuna la kujifunza kwa mtu, tulianza kitambo. Mabanga: mtu analipa jina lake litajwe ndani ya wimbo, na mabosi ya Kolwezi wanalipa vizuri. Kasala ya Waluba, mwenye kusifiwa kwa jina na ukoo wake anatoa feza pale pale mbele ya watu. Uzinduzi wa albamu kanisani ao mu sale, yaani ukumbi, kopi ya kwanza inapigwa mnada, mmoja anataja dola 100, mwingine anataja zaidi, halafu wadogo wananunua kwa bei ya kawaida mlangoni. Wimbo wa kumwimbia bibi arusi kwa jina lake. Salamu ya sauti ya kumbukumbu ya kuzaliwa. Hayo yote ni kuuza moja kwa moja kwa shabiki, hakuna lebo katikati, hakuna wa kukopi, juu wimbo unaotaja jina la mama fulani wa Kamalondo una thamani kwake yeye hata mji wote ukiwa nao.

Neno moja juu ya mabanga: panga idadi mapema. Nyimbo zikijaa majina shabiki wa kawaida anachoka, na ni yeye atakayekubakia bosi akihama.

Kwa ndugu walio Ulaya na Marekani Bandcamp iko, tovuti ya kuuzia muziki, tangu 2008, inachukua asilimia 15 ya mauzo ya faili na 10 ya vitu vya kushika kama T-sheti, na mnunuzi anaruhusiwa kulipa zaidi ya bei uliyoweka, na ndugu wa mbali wanafanya hivyo kweli wakimpenda mtu wa kwao. Lakini inalipa kupitia PayPal, kwa hiyo kama huna PayPal inayopokea utamtegemea mtu kule ng'ambo. Chagua vizuri huyo mtu, na muandikiane fungu lake.

Watu wanapenda kunitajia Radiohead, bendi ya Uingereza, kwamba 2007 walitoa albamu kwenye tovuti yao na kila mtu akalipa anachotaka, hata sifuri. Ni kweli, na ilifaa. Lakini Radiohead walishatoa albamu sita kwa feza ya lebo mbele ya hapo, dunia ilikuwa inawajua. Usianze na "lipa unachotaka" wakati hakuna anayekujua, watu wetu watakulipa pongezi. Weka bei, hata ndogo, halafu anayetaka kuongeza aongeze.

Ubaya wa njia hii ni uchovu. Unaimba, na pia njo wewe muuzaji, mwenye hesabu, mjibu wa meseji saa sita za usiku. Kuna wanaotuma kapture, picha ya skrini, ya uongo ya malipo, kwa hiyo usitume faili kwa kuona picha, angalia meseji ya opereta ama salio lako kwanza. Kuna ndugu wanaotaka bure juu ni ndugu. Tafuta mtu mmoja mwaminifu ashike simu ya mauzo, umpe asilimia, na simu hiyo iwe na laini yake peke yake, isiwe ile unayoongea na mchumba. Namba zote za wanunuzi ziandikwe pia mu daftari, juu simu zinaibiwa hapa, tunajua.

Sasa nani achague nini

Kama wewe ni wa gospel, uko na kanisa na kwaya nyuma yako, sioni sababu hata moja ya kusaini lebo. Uzinduzi, daftari ya namba, M-Pesa, na meza za soko mwezi mmoja baada ya uzinduzi. Kama wewe ni rapa anayeanza tu, asiyejulikana hata avenue ya pili, acha nyimbo mbili tatu zizunguke bure zikiwa na namba yako ndani, usiuze kitu mpaka watu wageni waanze kukuandikia wenyewe, wakianza kuuliza "mpya inatoka lini" ndipo uuze. Kama tayari unajaza sale, unaitwa Kolwezi, Likasi, Ndola, na kuna lebo ya nje inayoweza kukupeleka pahali ambapo wewe huwezi kujipeleka, hapo zungumza nao, leseni yenye tarehe ya mwisho, na namba za mashabiki wako usiwape kamwe.

Na kama mko bendi, mbele ya kuuza hata wimbo mmoja kaeni chini muandike. Nimeona magrupu matatu mazuri ya mji huu yakivunjika kwa feza ya kuuza wenyewe, si ya lebo, juu lebo angalau ina karatasi na wao hawakuwa nayo. Mwimbaji ana asilimia ngapi, mtunzi ngapi, mtu wa gitaa ya solo, mtu wa biti, studio ililipwa na nani na atarudishiwa kwanza ao mwisho. Masta ni ya nani mmoja wenu akihamia Kinshasa ao akiokoka na hataki tena nyimbo za dunia. Namba ya M-Pesa imeandikwa jina la nani, na nani mwingine anaonyeshwa salio kila Jumamosi. Kila mmoja asaini, kila mmoja apige picha ya karatasi na simu yake.